Jirani wa Ng'ambo ya Seng'enge

Mimi nina ugonjwa wa kueleza mambo. Darasani ugonjwa huo unanilipa mshahara, maana nafundisha historia, lakini nikitoka shuleni hauniachi. Ukiniuliza njia ya kwenda posta nitakwambia kwanza barabara ilichongwa na nani. Kwa hiyo jirani yangu aliponiuliza swali moja dogo kuhusu watu wetu wa Meru, nilimweleza mpaka nguo zikakauka kwenye beseni kabla hatujazianika. Laiti ningenyamaza.

Ninapanga nyumba mtaa wa Dallas, hapa Embu, na jirani huyo ni mwanamke wa Sudan Kusini. Tumepakana ukuta. Kamba ya nguo ni moja, tangi la maji ni moja, na watoto wake wakikosa ufunguo huja kwangu kula mkate wangu wote. Alihamia Embu kwa sababu ya shule. Kiswahili alikipata kwenye kambi ya wakimbizi akiwa msichana, anakisema polepole, bila mapambo, na mimi ninayependa mapambo nilikuwa nikimhesabu moyoni kama mmoja wa wanafunzi wangu. Yeye huniita mwalimu. Mimi namwita jirani.

Kwao kulikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, na vilipoisha wakubwa walitia saini wakaambiwa wawe serikali moja. Mume wake akapewa cheo katika ofisi ya kaunti yao, chini ya mtu aliyekuwa upande wa pili. Askari wa mtu huyo ndio waliouchoma mji wao na kumuua kaka wa jirani yangu, kaka wa pekee aliyekuwa naye. Sasa mji unajengwa upya. Mabati yamefika, soko limeezekwa, ila watu wa upande huu hawataki kukaa kwenye meza na watu wa upande ule. Basi wanawake wa huko wakashauriana kwamba siku ya kulifungua soko, wake wa wale wakubwa wawili wapike chungu kimoja na kula sahani moja mbele ya watu. Watu wakiona hivyo, huenda wakathubutu kuuziana nyanya. Ndipo jirani yangu akaitwa nyumbani.

"Kupika naweza," aliniambia siku hiyo tukiwa kwenye kamba. "Kula naye ndiyo sijui. Mkono wake ukiingia kwenye sahani, wangu utabaki?"

Nilikamua tena shati lililokwisha kukamuliwa. Akaniuliza, "Nyinyi Wameru hamkupigana zamani? Mliachaje?"

Hapo nikapata pa kushika. Nilimweleza gichiaro. Ni undugu wa kiapo, nikamwambia. Zamani koo mbili zikichoka kuuana, wazee walichanjana, wakala nyama pamoja, na tangu siku hiyo watoto wa huku na wa kule wakawa ndugu wa damu. Hawaoani. Hawadanganyani. Na kubwa kuliko yote, hawanyimani. Mtu wako wa gichiaro akikuomba kitu, unatoa, hata kama kitu chenyewe ndicho kilichobaki. Ukimnyima au ukimdanganya, laana inaingia nyumbani kwako na haitoki mpaka yeye mwenyewe aiondoe. Ukoo wetu una gichiaro na ukoo mmoja wa Tharaka, na nilipokuwa mdogo, mtu wao akionekana akipanda kilima, akina mama walifukuza kuku vichakani. Akisema tu jogoo huyu ni mzuri, jogoo ameondoka.

Alicheka. Tangu aitwe nyumbani sikuwa nimemsikia akicheka.

"Na mpaka leo inafanya kazi?"

"Inafanya kazi sana," nikasema, utadhani nilikiandaa kile kiapo mimi mwenyewe.

"Nataka kuona watu hao," akasema. "Kabla sijajibu nyumbani, nataka kuona."

Ningeweza kumpeleka Tharaka. Lakini Tharaka kuna jua, na mimi nilitaka kwenda kwa mama, Githongo, kwenye baridi na kahawa, nikaonyeshe kwetu. Nikamwambia tungeenda likizo fupi ya katikati ya muhula. Kitu nilichomficha ni kwamba kwa mama kuna seng'enge.

Seng'enge hiyo inapita katikati ya shamba la babu. Upande mmoja yuko mama yangu, mjane. Upande wa pili yuko mama mdogo, mke wa marehemu baba mdogo, mjane vilevile. Uchaguzi uliopita ndugu yangu alitaka kuwa mwakilishi wa wadi, na mtoto wa mama mdogo akataka kiti hichohicho. Kila mama alisimama na wake. Yakasemwa maneno kanisani, kwenye fakitori ya kahawa, mpaka matangani. Kura za ukoo zikagawanyika katikati kama ndizi iliyopasuliwa, na kiti kikachukuliwa na mtu wa ng'ambo ya mto ambaye hatukuwa hata tunamfikiria. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Siku chache baadaye mama alikodi fundi akaweka nguzo na waya, na mama mdogo akakata bomba la maji lililopita kwake.

Mnajua wale vijana wawili wako wapi sasa? Wote wanamfanyia kazi yule mshindi. Utawakuta mjini Nkubu wakinywa supu meza moja na kuchekana. Seng'enge waliwaachia mama zao.

Na mimi? Mimi mwenye historia yangu ya koo na viapo nilimwandikia ndugu yangu hotuba. Tangu waya uwekwe, nikienda nyumbani nilipita upande wa mama tu, macho mbele, kama farasi.

Tulifika Githongo mchana, kukiwa na ukungu mwepesi. Mama alikuwa jikoni akiponda mukimo wa viazi na mahindi. Nilitaka mgeni apokewe kwa heshima, na tena nilitaka kujionyesha, nikasimama mlangoni nikamwambia mama kwa Kimeru, "Mpokee vizuri. Mhesabu huyu kuwa mtu wa gichiaro."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

"Gichiaro ya nani?" mama akauliza.

"Ni namna ya kusema tu, mama."

"Hilo neno halina namna ya kusema tu. Umelisema mlangoni kwangu, na yeye amelisikia." Na kweli alikuwa amelisikia, kwa sababu nilikuwa nimemfundisha. Alikuwa akitabasamu.

Mama alinawa mikono, akavaa kitambaa kisafi, akamsalimu mgeni kwa mikono miwili. Kuanzia hapo nilishuhudia kitu ambacho nilikuwa nimekisimulia tu. Mgeni akasema kuku wetu wamenona. Mama akatoka, akakimbiza tembe wa kahawia kuzunguka ghala, akamfunga miguu, akanikabidhi mimi nimshike. Mgeni akasema ndizi za huku ni kubwa. Mama akachukua panga. Nikamnong'oneza jirani yangu kwamba asisifu kitu kingine, tusije tukarudi na mlango. Alicheka mpaka akajifuta machozi, na mimi nilijaa fahari. Nilijiona mwalimu wa kweli, somo langu likitembea kwa miguu yake.

Tukakaa nje tunywe chai, mimi na kuku wangu kwapani. Ng'ambo ya seng'enge mama mdogo alikuwa ameinama akigeuza mbuni juu ya gunia, kahawa ile iliyokaukia mtini. Hakuinua kichwa. Mgeni akamtazama, akautazama waya, akamtazama tena.

"Yule mama ni nani?" akauliza.

Swali lilikuwa la mama, na mama akaangalia chini, kwa sababu mtu wa gichiaro hadanganywi. Angalau mama alikuwa na adabu ya kunyamaza. Mimi ndiye niliyefungua mdomo.

"Ni jirani tu," nikasema.

Nilisema kwa Kiswahili, na kwa sauti yangu ya darasani ambayo haijui kunong'ona. Mama mdogo akanyooka. Najua anajua Kiswahili, alikuwa akiuza viazi mjini Meru miaka mingi, lakini na watu wa nyumbani hasemi ila Kimeru. Siku hiyo alichagua Kiswahili ili mgeni asipitwe na neno.

"Jirani?" akasema. "Mgeni, wewe sikiliza mimi. Hii mtoto nilinyonyesha mimi. Mama yake alikuwa amelazwa hosi, anakaribia kufa. Mimi nilikuwa na yangu kwa titi hii, nikaweka yeye kwa hii ingine. Akamaliza yote, yangu ikalia njaa. Sasa imekuwa mwalimu, imesahau. Ati jirani."

Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayetaja bei ya viazi. Kisha akainama tena kwenye mbuni yake.

Aibu ilinitoa jasho kwenye baridi ile. Maana kila neno lilikuwa kweli. Yule kijana aliyelia njaa ndiye yule aliyegombea kiti, ndiye niliyemwandikia ndugu yangu hotuba ya kumkejeli. Nilikaa pale nimemkumbatia kuku, sikuweza hata kumweka chini. Nyani haoni kundule, na mimi langu lilikuwa limeonyeshwa mbele ya mgeni niliyemleta kwa mbwembwe kuja kutazama amani.

Mgeni aliweka kikombe chini taratibu.

"Mama," akamwambia mama yangu, "mwalimu anasema mimi ni gichiaro hapa. Naomba kitu. Naomba unipeleke kwa yule mama, tumsalimie."

Nilitafsiri, ingawa mama alikuwa ameelewa. Mama aliongeza chai kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa. Kisha akanijibu mimi kwa Kimeru, si mgeni.

"Mwambie aombe mbuzi."

"Mama!"

"Aombe mbuzi. Aombe yule ng'ombe. Hilo siwezi. Na mwambie huyu si gichiaro, ni mgeni. Neno lilikuwa lako, si langu."

Mama yangu, aliyekuwa amekimbiza kuku kuzunguka ghala kwa kuogopa laana, alikuwa tayari kuibeba laana yote kuliko kutembea hatua chache mpaka kwenye waya. Sikujua nitafsiri nini. Nikasema, "Anasema amechoka miguu." Huo ulikuwa uongo wangu wa pili kabla chai haijapoa.

Jirani yangu akaniangalia, akatikisa kichwa kidogo, akainuka. Akaenda peke yake. Mama mdogo alipomwona anakuja alikanyaga waya wa chini na kuinua wa juu, mgeni akapita akiwa ameshika gauni lake. Wakaingia ndani. Walikaa huko mpaka ukungu ukafunga, na mimi na mama tulikaa upande wetu tukisikia vikombe vyao. Sikumfuata. Watu hunikatiza hapo na kuniuliza kwa nini sikumfuata, na sina la kujieleza, mimi mwenye maelezo ya kila kitu. Nilikuwa naogopa mama yangu. Nilikuwa na kuku mkononi. Ndiyo majibu niliyo nayo.

Tuliporudi Dallas nilitamani nisikutane naye kwenye kamba. Lakini kamba ni moja. Alikuja na beseni lake, akaanza kuanika sare za watoto.

"Pole kwa siku ile," nikamwambia. "Nilikuahidi kukuonyesha kitu kingine."

"Umenionyesha," akasema. "Nimepiga simu nyumbani. Nitaenda."

Nilishangaa. Nikamuuliza anaendaje baada ya kuona vile.

Akamaliza kubana shati kwanza. "Kwetu watu wanasema vita vilianza na bunduki. Si kweli. Mimi nilikuwepo. Kulikuwa na mke wa baba mkubwa, wa kabila la upande ule. Watu wakija kuuliza yule ni nani, sisi tukaanza kusema ni jirani. Ili tusionekane. Baadaye akawa jirani kweli. Baadaye nyumba yake ikachomwa, na sisi tukaangalia, kwa sababu ni ya jirani." Akachukua shati lingine. "Siku ile kwenu nilisikia lile neno. Nikajua mahali lilipokwenda kwetu. Sasa mimi nikikataa kula na yule mwanamke, nitakuwa nimelisema tena."

Halafu akaniambia, bila ukali wowote, "Mwalimu, jirani ni mimi. Yule ni mama yako."

Nilisema ndiyo. Nikaingia ndani nikajifungia bafuni na kulia kama mtoto aliyechapwa. Ningemshukuru kama angenigombeza.

Aliondoka shule zilipofungwa, akaenda na watoto. Sikupata habari kwa muda. Kisha siku moja kwenye simu ukaingia ujumbe wa sauti, na nyuma ya sauti yake nikasikia mabati yakigongwa na wanawake wengi wakiongea pamoja. Alikuwa amekula. Sahani moja, ugali wa mtama na bamia kavu. Alisema tonge la kwanza lilimkwama, yule mwanamke mwingine akamsogezea maji, naye akayanywa. Soko lilikuwa limefunguliwa. Watu wa pande zote mbili walikuwa wanauziana, wakikaziana macho, lakini wanauziana.

"Nimewaambia kuhusu gichiaro," akasema. "Nimewaambia kuna mama alinipa kuku bila kunijua. Wanawake wanataka kumwona, na yule mwingine aliyekunyonyesha. Tutumie picha yao, mwalimu. Mama zako wawili, pamoja. Tafadhali."

Mama zako wawili. Niliusikiliza ujumbe huo tena na tena. Jumamosi nikaenda Githongo.

Safari hii nilipita kwanza lango la mama mdogo. Nilimkuta akichambua maharagwe. Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima, na yote yalinikimbia, nikapiga magoti tu hapo kwenye maganda. Alisukuma ungo katikati yetu, nikaanza kuchambua naye. Tulipomaliza akasema, "Mama yako amekuona umeingia huku. Nenda sasa, kabla hajachemka." Alisema kwa Kimeru, na hilo peke yake lilinitosha.

Kwa mama nilisimulia kwanza habari ya yule kaka aliyeuawa, kisha nikamfungulia ule ujumbe wa sauti, nikautafsiri wote, bila kuongeza wala kupunguza. Mama aliuliza kuhusu jambo moja tu.

"Amekula na mke wa yule aliyemuulia kaka?"

"Amekula."

"Sahani moja?"

"Sahani moja, mama."

Akaingia chumbani, akakaa huko mpaka nikadhani amelala. Alipotoka alikuwa amejifunga kitambaa chake cha kanisani, kile cheupe cha Jumapili. Akatembea mpaka kwenye seng'enge akasimama, akaita kwa sauti kavu, "Wewe! Njoo tupigwe picha. Ni ya yule mgeni."

Mama mdogo naye alichukua muda wake. Akaja na leso mpya begani. Wakasimama, huyu huku na yule kule, mikono imekunjwa, nyuso zimekazwa kama za picha ya kitambulisho. Niliwaomba wasogeleane kidogo. Hawakusogea. Niliwaomba mmoja apite upande wa pili. Wote wawili waliniangalia, nikaelewa kwamba hicho ndicho walichokuwa nacho siku hiyo na hakuna kingine. Nikapiga. Kila mmoja akarudi kwake bila kuaga. Nilifikiria kuukata waya kwenye picha, siku hizi simu zinaweza hayo, kisha nikaona haya, nikaituma kama ilivyo.

Jibu halikukawia. Aliandika, "Wameona. Wanafurahi. Wanasema mama zako ni warembo. Wanauliza waya ni wa nini."

Nikaandika, "Ni wa uchaguzi."

Niliona anaandika, ameacha, anaandika tena. Nikawaza wale wanawake, wa upande huu na wa upande ule, wakiwa wameizunguka simu hiyo moja chini ya mabati mapya, kila mmoja na wafu wake.

"Pole sana, mwalimu," ujumbe ukaja. "Kumbe na nyinyi. Walikufa wangapi?"

Nilisimama uani na simu mkononi. Nilitamani, Mungu anisamehe, niwe na hata mmoja wa kumtajia.

"Hakuna," nikaandika.